Asubuhi, Mchana au Jioni: Uirushe Saa Ngapi Ndege Yako ya Rimoti?

Ukishanunua ndege ya rimoti, ukachaji betri na kupata uwanja, linabaki swali ambalo kijitabu cha kwenye boksi hakilijibu kwa hali ya kwetu: uirushe saa ngapi? Waulize warushaji watatu, utapata majibu matatu. Wa kwanza atakuambia alfajiri, upepo ukiwa umelala. Wa pili ana glaida, yaani ndege ya mabawa marefu inayoelea hata mota ikiwa imezimwa; atakucheka na kukuambia usubiri jua liwake. Wa tatu ameajiriwa, kwa hiyo kwake saa nzuri ni ile anayotoka kazini. Hakuna anayekudanganya. Kila mmoja anaizungumzia ndege yake, mikono yake na uwanja wake.

Hapa nazipima nyakati hizo tatu kwa vigezo vilevile. Nachukulia kuwa una ndege ya kawaida ya kuanzia: ya povu, bawa limekaa juu ya kiwiliwili, lenye urefu wa mita 1 hadi 1.2 kutoka ncha hadi ncha, uzito kati ya gramu 700 na kilo moja, mota ya umeme na betri ya lipo (lithiamu polima). Pale ambapo glaida au ndege nyepesi zaidi inabadilisha jibu, nitasema.

Kwanza, yale ambayo hayana saa

Kuna mambo yakikuwepo, mjadala wa asubuhi au jioni umekwisha. Ngurumo ni la kwanza. Ukiona mwanga wa radi kisha ngurumo ikafika kabla hujahesabu sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Tua, ondoka uwandani, na usirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. La pili ni ukaribu na kiwanja cha ndege. Anayeishi Kipawa au Lang'ata ana jirani mwenye ndege za abiria, na hakuna saa ya siku inayobadilisha hilo. La tatu ni ruhusa. Mamlaka za usafiri wa anga, yaani TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya na UCAA kwa Uganda, ndio wa kuulizwa kabla ya kurusha, tena ikiwezekana kabla ya kununua, maana kanuni zinazowabana wenye droni zinaweza kukugusa na wewe. Uliza pia mwenye uwanja. Mkuu wa shule aliyekuruhusu kwa mdomo Jumatatu anaweza kuwa na mahafali Jumamosi.

Vigezo vitano

*Upepo.* Hiki ndicho kikubwa, na wengi wanakipima nusu. Wanauliza upepo una kasi gani, hawaulizi kama umetulia. Upepo wa kilomita 15 kwa saa unaovuma kwa mfululizo ni rahisi kuliko wa kilomita 8 unaoruka ghafla hadi 20 na kurudi. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Ndiyo maana dharuba moja fupi, ndege ikiwa mita mbili juu ya ardhi, inavunja bawa ambalo upepo mrefu wa siku nzima haukulifanya kitu.

Kama huna kipima upepo, tumia macho na kipimo cha Beaufort cha mabaharia. Namba 2, yaani kilomita 6 hadi 11 kwa saa: unauhisi usoni na majani yanachakarika. Namba 3, kilomita 12 hadi 19: majani na vijitawi havitulii, bendera nyepesi inanyooka. Namba 4, kilomita 20 hadi 28: vumbi na karatasi zinapeperuka, matawi madogo yanayumba. Mstari wangu ni huu: anayejifunza aishie namba 2, aliyezoea aishie namba 3, na ikifika namba 4 povu libaki ndani ya gari. Programu za simu zinasaidia, lakini kumbuka kwamba namba kubwa unayoisoma ni wastani wa upepo kwenye urefu wa mita 10. Tafuta palipoandikwa kasi ya dharuba. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linalokuhusu.

*Hewa inayopanda na kushuka.* Jua linapopasha ardhi, hewa ya moto inapanda kwa mafungu na ya baridi inashuka kujaza nafasi. Huioni, lakini ndege inaiona.

*Mwanga.* Unairusha kwa macho. Ukishindwa kujua kama inakuja au inakwenda, huna ndege tena, una bahati nasibu.

*Watu na viumbe.* Ndege ya kilo moja ikienda kilomita 50 kwa saa inagonga kwa nguvu sawa na jiwe la kilo moja lililodondoka kutoka mita 10, kama ghorofa ya tatu hivi. Propela nayo ni kisu.

*Vifaa.* Betri, sarvo (vimota vinavyosogeza usukani), risiva (kipokezi cha amri za rimoti) na povu lenyewe havipendi joto, maji wala mchanga, na kila saa ya siku ina mojawapo ya hivyo.

Asubuhi: tangu kupambazuka hadi saa 3

*Upepo.* Usiku ardhi imepoa, na hewa ya chini imekaa kitako. Nyanda za juu, kuanzia Nairobi hadi Arusha, Iringa na Mbeya, mara nyingi huu ndio utulivu mkubwa kuliko wote utakaoupata mchana kutwa. Pwani nako kumetulia, lakini kuna jambo la kulitazama kwa makini. Upepo mwembamba wa asubuhi unatoka bara kwenda baharini, ule ule unaowasaidia wavuvi kutoka. Ukiwa ufukweni, mota ikizima ghafla, upepo huo hauirudishi ndege kwako. Unaipeleka majini polepole huku unaiangalia. Kwa hiyo asubuhi ya pwani irushie upande wa nchi kavu kama pana nafasi, au nenda kwenye uwanja wa ndani na uache ufukwe.

*Hewa inayopanda.* Karibu hakuna. Ukiachia vijiti vya rimoti katikati, ndege inakwenda ulikoielekeza. Kwa anayejifunza hili ni kubwa, kwa sababu kila inapoyumba anajua ni mkono wake uliofanya hivyo. Huwezi kujifunza kosa lako kama hewa nayo inafanya yake.

*Mwanga.* Jua liko chini mashariki, linapiga machoni. Ufukwe wa Dar au Mombasa unatazama mashariki, maana yake jua linatoka juu ya bahari ileile unayotaka kuitazama. Lipe mgongo. Milimani tatizo ni jingine: Limuru, Lushoto na kwingineko ukungu unaweza kukaa hadi saa 3 au zaidi, na miezi ya Juni hadi Agosti anga la Nairobi lina kawaida ya kuwa jeupe kama shuka. Ndege nyeupe chini ya wingu jeupe inapotea mita 100 tu kutoka ulipo. Bandika utepe mpana mweusi au wa chungwa chini ya bawa moja tu, ili ujue pia kushoto na kulia.

*Watu.* Siku za kazi uwanja wa shule una watoto tangu saa 1, kwa hiyo haupo. Jumamosi na Jumapili unao hadi wachezaji wa mpira wafike. Ufukweni kuna wakimbiaji na wavuta juya, na kamba ya juya imelala mchangani mahali ambapo ungependa kutua.

*Vifaa.* Umande. Ndege ikitua kwenye nyasi zilizolowa, tumbo lake linarudi limejaa maji, na risiva nyingi za ndege za kuanzia zimefunikwa kwa kijifuniko cha plastiki tu. Baridi ya milimani nayo inapunguza nguvu ya betri ya lipo. Iweke mfuko wa ndani wa koti hadi dakika ya mwisho na hutaiona tofauti.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza, anayeijaribu ndege mpya au iliyotoka kutengenezwa, na mwenye ndege ndogo ya chini ya gramu 300 ambayo upepo wa namba 2 tu unaisumbua. Haimfai mwenye glaida anayetaka kukaa juu nusu saa, wala asiyeweza kuamka.

Mchana: saa 4 hadi saa 9

Watu wengi wanaifuta saa hii kabla ya kuifikiria. Mimi naitetea kidogo.

*Upepo.* Pwani, kuanzia saa 4 au 5 ardhi imekuwa na joto kuliko maji, na upepo wa baharini unaanza kuingia. Unakua hadi alasiri. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, unajiunga na upepo wa msimu kutoka kaskazini-mashariki. Kusi inapovuma, hasa Juni hadi Agosti, unajiunga na ule wa kusini-mashariki. Kwa vyovyote vile, mchana wa ufukweni mara nyingi unafika namba 3 na kuvuka. Ukitaka ushahidi, nenda Paje, mashariki mwa Unguja, ambako watu wanafunga safari kutoka Ulaya kufuata upepo huo ili wateleze majini wakivutwa na tiara. Tiara hizo zikiwa hewani, povu lisiwe hewani, na kamba zake ni sababu nyingine.

Lakini upepo wa baharini una sifa moja njema: umesafiri juu ya maji, hakuna mti wala nyumba iliyouvuruga, kwa hiyo ukisimama ufukweni unaupokea ukiwa laini. Sogea mita 50 nyuma ya minazi na mambo yanabadilika. Msukosuko wa hewa nyuma ya kizuizi unaweza kuendelea umbali wa mara kumi ya urefu wake na zaidi. Minazi ya mita 20 inakuharibia mita 200 za uwanja. Uwanja wa mjini uliozungukwa na maghorofa hautibiki kwa kuchagua saa.

*Hewa inayopanda.* Hapa ndipo mchana unapotengana na nyakati nyingine. Bara, kwenye udongo mwekundu, lami na mapaa ya mabati, kuanzia saa 5 hewa inapanda kwa nguvu. Ndege ndogo inainuliwa ghafla, inatoka kwenye fungu hilo, inaangushwa. Dodoma au Kajiado wakati wa kiangazi utaona vinyamkera vinatembea uwandani na safu ya vumbi. Kinyamkera ni hewa hiyohiyo inayopanda, imepata vumbi la kuionyesha. Kikija upande wako, tua sasa, usimalizie mzunguko.

Mwenye glaida anausoma ukurasa huohuo kwa furaha. Kwake hewa inayopanda ni mafuta ya bure. Anamtafuta mwewe au korongo anayezunguka bila kupiga bawa, anakwenda chini yake, anazima mota. Glaida ya povu ya mita 2 inaweza kukaa juu muda mrefu kuliko betri yake ingeruhusu kwa mota. Hatari yake ni kinyume cha matarajio: si kuanguka, ni kupanda kupita kiasi hadi inakuwa nukta. Nchi nyingi zimeweka dari la futi 400, kama mita 120, na glaida iliyopata hewa nzuri inafika huko upesi. Jua namna ya kuishusha kabla hujajua namna ya kuipandisha.

*Mwanga.* Jua liko utosini. Usiipitishe ndege kwenye jua, mengine ni sawa. Rangi zinaonekana vizuri kuliko saa yoyote. Vaa kofia yenye ukingo na miwani ya jua.

*Watu.* Saa 7 mchana wa Machi nani yuko uwanjani? Hiyo ndiyo faida isiyosemwa. Uwanja ni wako na ng'ombe wamelala chini ya mti.

*Vifaa.* Hapa mchana unalipa. Betri ya lipo iliyosahauliwa ndani ya gari lililofungwa juani inaweza kuvimba, na iliyovimba haitumiki tena, hata kama volti zinaonekana sawa. Povu jeusi au la rangi nzito likiachwa juani linalainika na bawa linapinda kidogo tu, kiasi cha kuifanya ndege ivute upande mmoja bila wewe kujua sababu. Weka kila kitu kivulini, na baada ya kutua iache betri ipoe kabla ya kuichaji.

Kuna jambo la nyanda za juu lisilozungumzwa vya kutosha. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyembamba kuliko ya pwani kwa asilimia 16 hivi. Ili bawa libebe uzito uleule, ndege inabidi iende kasi zaidi kwa karibu asilimia 9, na propela nayo inashika hewa kidogo. Joto la mchana linaifanya hewa iwe nyembamba zaidi. Aliyezoea kutua taratibu Tanga akija kurusha Nairobi saa 8 mchana ataona ndege inakuja kwa kasi, atadhani amekosea, ataipunguza, na bawa litashindwa kuibeba kabla haijafika kwenye nyasi.

Na kuna mchana usio mchana: siku ya mawingu mazito ya Julai huko milimani, jua halijapiga ardhi, hewa imetulia saa 6 kama ilivyokuwa saa 2. Siku kama hiyo usiitazame saa, litazame anga.

*Inamfaa nani.* Mwenye glaida, mrushaji mwenye uzoefu na ndege nzito kidogo yenye jairo, na yeyote ambaye uwanja wake unajaa watu saa nyingine zote. Haimfai anayeanza, isipokuwa kwa siku za mawingu nilizozitaja. Jairo ni kifaa kinachozuia ndege isiyumbe. Hakizuii isipeperushwe kwenda kwa jirani.

Jioni: saa 10 hadi jua kuzama

*Upepo.* Bara, kuanzia saa 11 ardhi inaanza kupoa na upepo unakata pumzi. Kuna nusu saa hivi kabla ya magharibi ambayo ni tamu kweli. Pwani usitegemee hivyo. Saa 10 upepo wa baharini bado uko kwenye kilele chake au karibu, na kipindi cha kusi unaweza usipungue hadi giza liingie. Uzuri wake ni mwelekeo: unavuma kutoka baharini kuja nchi kavu, kwa hiyo ndege iliyozima mota inarudi kwako. Ubaya ni huohuo: nyuma yako ndiko waliko watu, mabanda ya chipsi na barabara.

Upepo wa namna hii ndio unaomfundisha mtu somo la kwanza la hesabu. Ndege yako inakwenda kilomita 40 kwa saa hewani, upepo ni 20. Ukiupa upepo mgongo, juu ya ardhi inakwenda 60. Ukigeuka kuukabili, inatambaa kwa 20. Dakika moja ya kwenda ni dakika tatu za kurudi. Rusha kila mara upande upepo unakotoka, ili safari ya mwisho, betri ikiwa imechoka, iwe ya kurudi na upepo.

Tazama sasa kinachotokea kwenye kona. Ndege imepaa ikiukabili upepo, imefika mita 30, mrushaji anaigeuza ipite mbele yake ikiwa imeupa upepo mgongo. Macho yanaona kitu kinachofyatuka. Kidole gumba cha kushoto kinashuka chenyewe kupunguza mota, kwa sababu kila kinachokimbia tunataka kukipunguza. Lakini ile 60 ni ya ardhi. Bawa linajua 40, na sasa 35, na sasa 30. Anapovuta pua juu ili ageuke tena, bawa moja linadondoka kwanza, ndege inajizungusha, na mita 30 ni chache mno za kuirekebisha. Mtazamaji wa kando ataapa kwamba upepo umeipiga. Dawa yake ni kuigusa mota kidogo iwezekanavyo upepo ukiwa mgongoni, na kuisikiliza sauti yake badala ya kuitazama kasi.

*Hewa inayopanda.* Inapungua kadiri jua linavyoshuka. Saa 10 bado ipo bara. Saa 11 na nusu imekwisha.

*Mwanga.* Kwenye ufukwe unaotazama mashariki, jioni jua liko mgongoni na ndege inang'aa juu ya bahari. Hakuna mwanga mzuri kuliko huo. Kwenye uwanja wa bara jua linakuwa mbele yako kama unarusha kuelekea magharibi, basi geuka. Ila kwetu, karibu na mstari wa ikweta, jua halizami kwa mashauri. Linazama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 1 na nusu hivi, kutegemea mahali na mwezi, na dakika 20 baadaye ni giza. Rangi zinatangulia kufa kabla ya mwanga. Ndege inageuka kivuli cheusi na hujui tena kama unaona tumbo au mgongo. Betri ya mwisho ipae dakika 30 kabla ya jua kuzama, si baada.

*Watu.* Jioni ndiyo mbaya kuliko zote. Timu ya mtaa inafanya mazoezi, wazazi wanatembeza watoto, na ukianza kuunga bawa tu, watoto 20 wamekuzunguka wakiuliza "Anko, inaruka kweli?" Huwezi kuwafukuza, na kusema kweli nusu ya raha ni wao. Tafuta mtu mzima mmoja asiyeshika rimoti, kazi yake iwe kuwaweka wote nyuma yako kwenye mstari mmoja na kuwazuia wasiikimbilie ndege inapotua, maana propela bado ina betri. Bila mtu huyo, jioni ya uwanja wa mtaa usirushe.

Na kunguru. Dar, Unguja na Mombasa wanarudi kulala makundi kwa makundi saa hizo, na wanaichukia ndege ya povu. Kawaida wanaisindikiza tu kwa kelele. Ukiona wanashuka kuipiga, ongeza mota, ipandishe juu, usipige chenga.

*Vifaa.* Joto limepungua na umande bado haujashuka, kwa hiyo betri na povu viko raha. Ufukweni tatizo ni mchanga unaopeperushwa na chumvi. Mchanga ukiingia kwenye mota utausikia unakwaruza, na chumvi inakula viungio vya waya polepole. Futa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Kuna pia maji yenyewe. Ufukwe wa maji yaliyotoka ni kiwanja kizuri cha kutua, kipana na kigumu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani yetu inavuka mita 3, na kwa Dar na Unguja maji hutoka sana karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Maana yake siku hizo jioni huna kiwanja kabisa. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka, maji yanatoka alasiri. Angalia jedwali la maji kabla ya kuangalia la upepo.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha kujifunza, mwenye msaidizi, na mfanyakazi wa bara asiye na saa nyingine. Inamfaa pia mwenye ndege ya kilo moja na zaidi pwani, kwa sababu upepo ule wa baharini ni laini ingawa una nguvu.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kurusha kabisa: asubuhi ya Jumamosi au Jumapili, uwanja wa ndani usio na minazi karibu, upepo usiozidi namba 2. Pwani chagua miezi ambayo kaskazi imekwisha na kusi haijakaa sawa, au ile ya Oktoba na Novemba, ukikwepa siku za mvua.

Kama uko nyanda za juu na unatoka kazini saa 10: nenda moja kwa moja uwanjani, lakini tumia saa nzima ya kwanza kuunga ndege, kujaribu masafa ya rimoti kwa kutembea mbali kama kijitabu kinavyoelekeza, na kuongea na watoto. Rusha kuanzia saa 11. Hutapoteza kitu, maana saa 10 hewa ilikuwa bado inachemka.

Kama una glaida: bara, saa 4 hadi saa 6, kabla hewa inayopanda haijawa ya fujo, siku ya mawingu madogo madogo yaliyotawanyika. Mawingu hayo yakianza kurefuka juu na tumbo kuwa jeusi, shuka. Ule upepo wa baridi unaokuja dakika chache kabla ya mvua unaweza kupita kasi ya ndege yako, na hapo rimoti haina kazi.

Kama kiwanja chako pekee ni ufukwe: jioni kwa mwenye uzoefu, siku ambazo si za bamvua. Kama wewe ni mgeni wa mchezo, nenda asubuhi maji yakiwa yametoka, ukiirushia upande wa bara ikiwa hakuna watu huko, na usiipeleke juu ya maji hata kidogo.

Kama umesafiri mbali, umefika, na hali si ile uliyotarajia: funga utepe mwepesi wa nailoni wa sentimita 50 kwenye fimbo, uisimamishe wazi mbali na gari, na uutazame kwa dakika kumi. Ukilala upande mmoja kwa pembe ileile, una upepo unaoweza kufanya nao kazi. Ukiwa unaanguka, unanyooka, unageuka upande wa pili, subiri dakika kumi nyingine. Bado uko hivyo? Rudisha betri kwenye mfuko wake, na kama hutarusha ndani ya siku mbili tatu, zishushe hadi volti 3.8 kwa kila seli, maana lipo iliyokaa imejaa wiki nzima kwenye joto la hapa inavimba bila hata kupaa.